Moshi wa Bluu

Siku Kimeli aliporudi kutoka Qatar hakuwa amemwambia mtu. Kiplangat alikuwa zizini, ndoo ya maziwa katikati ya magoti, akasikia mbwa akilia ule mlio wake wa kufurahia mtu wa nyumbani. Alipoinua kichwa akamwona mwanawe amesimama langoni na begi moja begani, amekonda, anatazama nyuma ya nyumba, kule kwenye kaburi la mama yake.

"Umefika," Kiplangat akasema.

"Nimefika, Baba."

Baada ya miaka mitatu, hayo tu ndiyo yaliyotoka. Kiplangat akarudi kukamua, ingawa ng'ombe alikuwa amekwisha kutoa, na Kimeli akaenda nyuma ya nyumba peke yake. Alikaa huko mpaka chai ikapoa mezani.

Zamani, maneno ya nyumba ile yalipitia kwa Chepkorir, mke wa Kiplangat. Kimeli akitaka kitu alimwambia mama yake, na mama yake alingoja Kiplangat ale ashibe ndipo amfikishie. Kiplangat naye akiwa na jambo na kijana, alilipitisha njia hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa mashine. Ujana wake wote aliumalizia juu ya matrekta na mashine za kuvunia ngano katika mashamba makubwa ya Njoro na Mau Narok, na kelele za injini zilimzoeza kukaa siku nzima bila kufungua kinywa. Chepkorir alikuwa akimcheka kwamba anaelewana na dizeli kuliko watu.

Kisha Chepkorir akaugua, na kabla watu hawajaelewa ni ugonjwa gani, akafa. Kimeli alipiga simu kutoka kambi ya wafanyakazi akilia. Mwajiri amekataa kumpa ruhusa, pasipoti iko ofisini, amewapigia magoti na hawataki kusikia. Kiplangat alikuwa amesimama katikati ya waombolezaji, turubai linafungwa, mchungaji anamngoja. Akasema, "Basi kaa huko huko. Sisi tutamzika." Akakata.

Aliyajutia maneno yale hata kabla simu haijaingia mfukoni. Lakini hakupiga tena siku ile, wala kesho yake, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kujua angeanzia wapi. Kimeli aliendelea kutuma pesa za madawa ya ng'ombe na mbolea. Kiplangat alijibu kwa ujumbe mfupi: zimefika. Wakaishi hivyo, mmoja Qatar na mwingine Njoro, kama watu wanaofanya biashara.

Kwa hiyo Kimeli alipomwambia asubuhi moja, wakinywa chai, "Baba, kuna gari nimeona Nakuru. Nataka twende uniangalizie," Kiplangat aliweka kikombe chini akamgeukia.

"Gari gani?"

Kimeli akamwonyesha picha kwenye simu. Gari la bluu, milango minne, limekaa chini karibu na barabara, magurudumu mapana, na juu ya boneti tundu kubwa la kuvutia hewa. Gari la turbo. Kiplangat aliijua aina yake. Kimeli alipokuwa mdogo, mama yake alimpeleka kando ya barabara ya vumbi upande wa Elementaita magari ya mashindano yalipokuwa yakipita, na walirudi jioni wote wawili wamekuwa weupe kama waliotoka kwenye kinu cha unga, wanacheka. Kiplangat alikuwa kazini. Hakuwahi kwenda nao.

"Hiyo inakunywa mafuta sana," akasema.

"Najua. Lakini nimeitaka tangu nikiwa mtoto." Kimeli akazungusha kikombe mikononi. "Nikiipata hiyo, sirudi tena kule. Pesa zenye zitabaki nafungua duka la spea hapa Njoro. Nakaa nyumbani."

Kati ya yote yaliyosemwa pale mezani, Kiplangat alilisikia hilo moja. Anakaa nyumbani.

Mwenye gari aliitwa Muturi, mtu mcheshi wa makamo aliyeishi Milimani, Nakuru, nyumba yenye maua ya waridi kando ya ukuta. Aliwapokea kwa soda. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa. Kimeli alilizunguka polepole, mikono nyuma, na Kiplangat akaona uso wa mwanawe umelainika kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu arudi.

"Boss, hii gari sijawahi itesa," Muturi akasema. "Sevisi kwa wakati. Nauza tu kwa sababu watoto wameongezeka, nataka kitu kubwa."

Kiplangat aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Mtu amewasha injini mapema ili wasiikute baridi, kwa sababu injini mbovu husema ukweli ikiwa baridi. Akaomba boneti ifunguliwe, akavuta kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa imeshika ncha tu. Nyeusi, na ilikuwa na harufu ya kitu kilichoungua sufuriani. Akafungua kifuniko cha oili. Ndani yake kulikuwa na masizi magumu, na juu ya masizi, oili mpya nzito, ya kumiminwa jana au juzi. Mtu humwaga oili nzito kwenye injini iliyochoka ili isipige kelele.

Alikwenda nyuma, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akapitisha kidole ndani ya ekzosi, bomba la kutolea moshi. Kikatoka na weusi wenye unyevu. Akakipangusa kwenye nyasi.

Wakaenda kulijaribu barabarani, Kimeli kwenye usukani, Muturi pembeni, Kiplangat nyuma. Turbo ilipoamka gari likaruka mbele, na Kimeli akacheka. Kicheko chenyewe kilimshtua Kiplangat, kilikuwa cha Chepkorir, kile cha kuanzia tumboni. Waliposhuka mteremko na Kimeli akaondoa mguu kwenye mafuta, Kiplangat aligeuka akatazama kioo cha nyuma. Wingu la moshi wa bluu lilikuwa limetanda barabarani likipotea taratibu. Gari linakula oili. Linakula sana.

Waliporudi, Muturi akaingia ndani kuchukua karatasi za gari. Kimeli akamgeukia baba yake.

"Unaionaje, Baba?"

Kiplangat alikuwa na jibu tayari. Lilikuwa fupi: achana nalo. Alikwisha kufungua kinywa. Lakini aliuona uso ule, akakumbuka maneno aliyomkatia nayo simu kijana huyu wakati wa mazishi, na ile miaka iliyofuata baada yake. Akawaza, nikimkatalia na hiki pia, atachukua begi lake. Akajiambia injini hutengenezwa.

"Ina nguvu," akasema.

Kimeli alimtazama kidogo, kama anayengoja sentensi iendelee. Haikuendelea. "Haya," akasema, na Muturi alipotoka wakaelewana.

Wiki zilizofuata zilikuwa njema, na hilo ndilo lililomuumiza Kiplangat baadaye. Kimeli alimpeleka kanisani kwa gari, vijana wa chuo kikuu wakisimama kando ya barabara kulitazama likipita. Alimpeleka hospitali kupima presha. Jioni alikaa naye kibarazani, akamsimulia kule jangwani, joto linalofanya viatu vishike lami, Wafilipino waliomfundisha kupika wali. Mara moja alimsimulia siku ya mazishi, jinsi alivyopewa kazi ya kuhesabu mabomba kwenye stoo, akahesabu upya na upya bila kupata jumla. Kiplangat alisikiliza. Alitaka kusema kitu, akasema, "Pole," na neno hilo dogo likawatosha usiku ule mzima.

Wakati huo huo aliona mikebe ya oili. Ya kwanza ilikuwa nyuma ya ghala, imefunikwa na gunia. Kisha ikawa mingi. Kimeli alikuwa akiamka mapema, kabla hata ya maziwa, anafungua boneti polepole isipige kelele, anaongeza oili, anaficha mkebe. Alikuwa anamficha baba yake. Kiplangat alisimama nyuma ya dirisha akimwona, na badala ya kutoka nje, alikwenda Njoro mjini siku hiyo akanunua mkebe mmoja wa oili nzuri, akauweka kwenye rafu ya ghala mahali ambapo mtu hawezi kukosa kuuona. Kesho yake haukuwapo. Hakuna aliyeuliza wala kushukuru.

Duka la spea nalo lilikuwa linakuja. Kimeli alipata chumba karibu na stendi, akalipia, akaanza kupaka rangi.

Jumamosi moja akasema waende Kikopey wakale nyama. Ilikuwa siku ya jua safi. Walikula mbavu za mbuzi na ugali, ziwa la Elementaita linaonekana kwa mbali limeng'aa, na Kimeli akamwonyesha kwa kidole upande ule waliosimama na mama yake. "Alikuwa anajua majina ya madereva wote," akasema. "Alikuwa anayasoma kwa gazeti lako kabla hujarudi kutoka kazini." Kiplangat hakuwa na habari hiyo. Alimwoa Chepkorir akiwa msichana, akalala naye chumba kimoja maisha yote, na hakujua kwamba alipenda magari.

"Twende mpaka Naivasha," Kimeli akasema. "Tuone tu."

Walikuwa wamepita Gilgil, wanapanda nyuma ya lori la saruji, Kimeli akakanyaga ili alipite. Kiplangat alisikia kabla taa haijawaka. Kwanza ulikuwa mlio mdogo, chini, kama mtu anayegonga mlango akiwa na wasiwasi. Kisha ukawa wa haraka. Kisha wa chuma kwa chuma. Taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi.

"Zima," Kiplangat akasema. "Kimeli, zima sasa."

Lakini walikuwa upande wa kupita magari mengine, lori pembeni yao, na gari lingine linakuja mbele. Kimeli hangeweza kuzima pale. Alikanyaga mpaka mwisho, wakalipita lori, akaliingiza gari kando ya barabara, na kabla hajagusa ufunguo injini ikapiga kishindo kimoja ikanyamaza yenyewe. Moshi ukatoka chini ya boneti.

Walikaa ndani bila kutazamana. Lori walilolipita likawapita, dereva akapiga honi.

Walivutwa kwa kamba mpaka Nakuru, kwa fundi aliyeitwa Njuguna, ambaye Kiplangat alimjua tangu enzi za matrekta. Njuguna alilala chini ya gari akafungua chini ya injini. Oili iliyotoka ilikuwa kidogo, isingejaza kikombe cha uji, nayo ilikuwa inametameta kwa chembe za chuma. Akaipaka kwenye kiganja, akawaonyesha juani.

"Hizi ni beringi," akasema. "Zimesagika zote. Na kranki imeliwa. Hapa si kurekebisha, ni kutafuta injini ingine." Akafuta mkono. "Lakini hii haikuanza leo. Pete za pistoni zilikwisha zamani, hii ilikuwa inakula oili kutoka kitambo. Mlipokuwa mnanunua hamkuona moshi? Mzee, wewe ulikuwa hapo?"

Kiplangat alikuwa ametazama chini. Akamsikia Kimeli akijibu.

"Mimi ndio nilinunua," Kimeli akasema. "Mzee hakuhusika."

Muturi alipopigiwa simu alisema gari lilitoka kwake likiwa zima, na kwamba vijana huwa hawajui kuendesha turbo. Kimeli hakubishana naye. Kiplangat naye hakupata hasira ya kumtosha. Alitafuta hasira hiyo siku nzima, lakini kila alipoikaribia alikuta kwamba Muturi hakuwa amemdanganya yeye.

Injini nyingine, hata ya mitumba, ingemeza duka. Kiplangat akajitolea kuuza mitamba wake wawili. Kimeli akakataa katakata. Kisha akajitolea kuuza kipande cha shamba cha mtoni, na Kimeli akainuka akatoka nje. Chumba cha karibu na stendi kikarudishwa kwa mwenyewe, kikiwa na ukuta mmoja uliopakwa rangi na mitatu ambayo haijapakwa. Gari lililetwa nyumbani likawekwa chini ya mti wa mkangazi, na mwezi haujaisha Kimeli akasema ajenti wa kazi za Qatar amempigia. Kuna nafasi. Si kampuni ile ya zamani.

Kiplangat alimsindikiza mpaka Nakuru. Magari ya Nairobi yalikuwa yanaita abiria, na Kimeli alikwisha kuweka begi kwenye buti, lakini gari lilikuwa halijajaa. Wakasimama kando, kwenye kivuli cha duka la simu.

Kiplangat alikuwa ameyabeba maneno tangu Gilgil. Akaona asipoyasema wakati huu, atazikwa nayo.

"Ile siku kwa Muturi," akasema, "niliona. Oili, ekzosi, moshi, vyote. Nilijua hiyo injini imekwisha."

Kimeli aliendelea kutazama barabara. "Najua, Baba. Nilikuona ukipangusa kidole kwa nyasi."

"Ulijua?"

"Mimi pia niliona moshi. Kwa kioo, tukishuka. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nangoja useme."

"Ungenisikia?"

"Sijui. Labda ningekasirika. Lakini nilikuwa nangoja. Niliposema unaionaje, nilikuwa nataka uniambie hapana. Ungeniambia hapana ningejua bado ni mimi kijana wako, si mgeni anafurahishwa." Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa cha mtu yeyote. "Ukasema ina nguvu."

Kiplangat alishika mkono wa koti la mwanawe, kitambaa tu, kati ya vidole viwili. "Niliogopa utaenda."

"Mama angesema," Kimeli akasema. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anayeeleza mahali kitu kilipokuwa kimewekwa.

Kondakta akaita. Kimeli akamkumbatia baba yake haraka, kwa bega moja, akaingia, akakaa upande wa pili ambako Kiplangat hakuweza kumwona. Gari likaondoka kuelekea Gilgil.

Gari la bluu liliondoka nyumbani miezi michache baadaye. Kijana mmoja kutoka Naivasha alilinunua kwa ajili ya bodi, akaja na lori la kulibeba. Kiplangat alimweleza hali ya injini kabla hajashuka hata kwenye lori, na kijana akasema anajua, ana injini yake. Nyasi zilizokuwa chini ya gari zilikuwa zimekufa, na ilichukua mvua mbili kuota tena.

Siku hizi Kimeli hupiga simu Jumapili, baada ya ibada. Wanazungumza zaidi ya zamani. Kiplangat humwambia habari za ngano iliyopatwa na kutu, bei ya maziwa, nani amefariki, nani ameoa. Anajifunza kuuliza maswali. Umekula nini. Unalala na nani chumbani. Mara nyingine hukaa kimya wote wawili, na simu inaendelea kuhesabu, na hakuna anayekata.

Jumapili iliyopita Kimeli alisema amehamishwa. Anatolewa stoo, anapelekwa juu, kwenye jengo refu, kufunga vyuma kwa nje. Mshahara umeongezeka.

"Juu kiasi gani?" Kiplangat akauliza.

"Juu sana. Watu chini wanaonekana kama siafu."

Kiplangat alisimama. Alikuwa kibarazani, ameshika simu kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema. "Usiende huko. Sitaki, Kimeli. Waambie baba yako amekataa."

Kule upande wa pili kulikuwa na upepo, na sauti za watu wanaoongea lugha asiyoijua. Alimsikia mwanawe akivuta pumzi, kisha akaivuta tena.

"Nimekusikia, Baba," Kimeli akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kitoto. "Asante. Lakini nilishasaini."